Mahubiri ya Chungu

Simu ilinikuta jikoni nikimenya viazi. Dada mmoja wa ukoo wetu alikuwa akilia. Akaniambia baba mkubwa ametutoka alfajiri, mazishi ni Jumamosi kule kwetu Igamba, na wanaukoo wote tunasubiriwa. Nikamjibu, "Poleni." Watu wazima tunajua uzito wa jibu hilo. Pole hupewa wafiwa, na ukiitoa namna hiyo unakuwa umejiondoa mwenyewe kwenye msiba. Dada akakata simu. Mimi nikamalizia viazi vyangu, nikavikaanga, nikala nikashiba.

Sitakwenda kumzika. Najua mtakachosema ninyi mliokulia Mbozi na kufundishwa kama nilivyofundishwa mimi: mtu akishafariki, yake yameisha. Kwangu hayajaisha. Nilipokuwa mtoto nililala nyumbani kwa mzee yule, nikala ugali wake, nikachuma kahawa yake mpaka vidole vikawa vyeusi, na yote hayo yalifanyika kwa jina la Yesu. Nimeyabeba muda mrefu mno. Leo nayatua hapa, na atakayekereka akereke.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa baba yangu, na alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, juu ya kilima. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi na pikipiki yake. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mali ya baba mkubwa. Yeye ndiye aliyehubiri, yeye ndiye aliyetangaza, yeye ndiye aliyejua nani akae benchi gani. Na katika dhambi zote alizoumba shetani, kulikuwa na moja aliyoipenda kuihubiri kuliko nyingine. Hakuhubiri sana uzinzi, maana ungewagusa rafiki zake. Pombe aliigusa juu juu. Alihubiri uvivu. Dhambi hiyo ilimfaa kweli kweli, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuthibitisha kwamba hana. Ukikaa kidogo, wewe ni mvivu. Ukiugua, ni mvivu anayejisingizia. Ukifanya kazi mpaka ukadondoka, ni kwa nini umedondoka.

Baba yangu alifariki nikiwa sijang'oa meno ya utoto. Alituachia nyumba na shamba la kahawa lililopakana na la kaka yake, na kaburi lake wakalichimba humo humo katikati ya mibuni, kama ilivyo kawaida yetu. Mama alikuwa bado kijana. Alijaribu jembe msimu mmoja, akaona kahawa peke yake haitamlisha mtoto, maana siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na magari yao na kila mmoja alikuwa na bei yake ya kutuibia. Akaanza kwenda Tunduma. Aliondoka na magunia ya maharage juu ya lori, akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi mwisho wa juma na vitenge na sabuni za Zambia. Alirudi amejaa vumbi la barabarani na harufu ya dizeli, na mlangoni alinisalimia kwa Kibemba cha sokoni, "Mulishani, mayo?" Nami nilijibu, "Bwino," nikajiona mtu wa mataifa.

Siku ambazo mama hakuwepo niliishi kwa baba mkubwa. Nakumbuka zaidi ile baridi. Wa Mbozi mnaijua baridi ya wakati wa kuchuma, ile inayokaa kwenye mifupa. Kabla hakujapambazuka baba mkubwa alipita uani akigonga debe kwa fimbo, akikemea pepo la usingizi litoke katika nyumba yake. Tuliimba pambio moja tukiwa bado tumefumba macho, kisha tukasukumwa shambani miguu mitupu, umande ukitukata vifundoni. Tulichuma mpaka saa ya shule. Jioni tulirudi kwenye mashine ya kumenyea, na ile harufu ya maganda ya kahawa yakichacha, tamu na chungu kwa pamoja, ilitushika nywele na nguo na hata uji. Mpaka leo nikipita barabara ya Mlowo msimu wa kahawa, nafunga vioo vya gari.

Na yeye? Yeye alisimama pembeni ya shamba, mikono nyuma, Biblia kwapani, akitutazama. Aliita kusimamia. Sikuwahi kumwona akichuma hata tunda moja. Mimi kwa akili za kitoto niliamini kwamba hiyo ndiyo kazi ambayo Mungu aliwapa wanaume wakubwa, kutazama, na kwamba lazima ilikuwa kazi ngumu sana kwa sababu alirudi nyumbani amechoka kuliko sisi sote. Mama mkubwa, mkewe, alimpashia maji ya kuoga huku mtoto amembeba mgongoni na mwingine amemshika sketi. Yule mama sikumbuki kumwona ameketi. Alikula amesimama mlangoni.

Jumapili moja baba mkubwa akahubiri lile neno la kwenye Maandiko ambalo mvivu anatumwa aende kwa chungu, akatazame njia zake, apate akili. Wote mnalijua. Sasa sikilizeni alivyolihubiri. Kiswahili kwetu tulikipata shuleni na kanisani, nyumbani ni Kinyiha, na chungu tulichokijua ni kimoja tu, kile cha udongo kinachokaa juu ya mafiga. Baba mkubwa naye alikijua hicho hicho. Akasimama mbele ya watu wa Mungu akahubiri chungu cha kupikia asubuhi nzima.

"Mtazameni chungu!" alisema, akigonga meza. "Chungu kinakaa motoni, je, kinalalamika? Hakilalamiki! Chungu kinapika, je, kinakula? Hakili! Kinapika wengine wale. Akina mama, ninyi mkawe chungu!"

Wanawake wakaitikia amina. Mama mkubwa aliitikia kwa sauti kuliko wote. Halafu baba mkubwa akashusha sauti, akasema yupo mama mmoja katika usharika huu ambaye shamba la marehemu mumewe linachumwa na vibarua, mwenyewe anakaa Tunduma. Hakutaja jina, ila vichwa vyote viligeuka kunitazama mimi.

Neno hilo, anakaa, lilinitesa. Alilirudia kila mara: anakaa Tunduma, anakaa tu. Nami nilimwona mama kichwani mwangu ameketi kwenye kiti kutwa, mikono mapajani, akisubiri Ijumaa. Sikujua kwamba alikuwa anatembea na mzigo kichwani kutoka Nakonde mpaka stendi. Kwetu kazi ilikuwa jembe. Mtu asiyeshika jembe, hata akija nyumbani miguu imevimba, alikuwa amekaa. Na kahawa iliyochumwa na vibarua wanaolipwa iliitwa kahawa ya mvivu. Ile ya baba mkubwa, iliyochumwa na sisi watoto bila kulipwa hata pipi, iliitwa baraka.

Nilimpenda mama na sikutaka aende motoni. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, alipokuwa amerudi na kupumzika ndani, mimi nikaketi jikoni mbele ya chungu cha maharage nikakitazama njia zake. Nilitazama kwa bidii kweli. Kilichemka, kikatoa povu, kikatulia. Moshi ukanitoa machozi. Nilingoja akili ije ili nimpelekee mama, lakini haikuja, na maharage yakaungua.

Mama akatoka mbio kwa harufu. "Rebeka! Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikamwambia baba mkubwa amesema mvivu aende kwa chungu, na kwa kuwa yeye amechoka, nimekwenda mimi badala yake.

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikaa chini pale jikoni, akafuta macho kwa kanga, akacheka tena. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akaniuliza, "Na yule mvivu ni nani?" Nikachokonoa majivu kwa kijiti. Hakuniuliza tena. Tukala maharage yaliyoungua.

Huko Tunduma alikuwa amepanga meza moja na mama wa Tanga aliyeuza kanga. Wiki hiyo alimsimulia habari ya chungu, na yule mama wa pwani nusura aanguke kwa kucheka. Mama alirudi na habari hiyo akaifungia moyoni. Hakuniambia hata mimi. Nilikuja kuijua siku alipoitoa hadharani.

Wakati huo wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kaa, wakamtenga. Wadogo zetu wa siku hizi hawajui kutengwa ni nini. Unaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na mlevi na msichana aliyepata mimba. Meza ya Bwana huikaribii. Watu wanakusalimia kwa ncha za vidole. Na hutoki hapo mpaka siku utakaposimama mbele ya kanisa zima, uitaje dhambi yako kwa mdomo wako, mchungaji akurudishe kundini. Dhambi ya mama iliandikwa uvivu. Sijui kama kuna kanisa jingine hapa duniani lililowahi kumtenga mtu kwa uvivu, lakini letu lilifanya hivyo.

Kisha baba mkubwa akaja nyumbani na wazee wa ukoo. Walikaa sebuleni wakanywa chai yetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha sukari.

"Shemeji," akasema kwa ile sauti yake ya upole ya kutisha, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Ungama tu. Ukirudi kundini, unaacha hayo mambo ya Tunduma, unashika jembe, mimi ninakusimamia, kahawa inabaki yako na mtoto. Lakini shamba la mdogo wangu, na kaburi lake limo humo, haliwezi kukaa mikononi mwa mtu aliyetengwa. Ukoo utalisaidia."

Kusaidia. Ndivyo alivyosema. Mzee mwingine akaongeza sukari kwenye chai.

"Nimesikia, shemeji," mama akajibu. "Mchungaji akija nitasimama."

Walipoondoka nilimng'ang'ania. Nilitaka aseme. Shamba lile ndilo lililokuwa na baba yangu ndani yake, na mimi nilikuwa na kawaida ya kwenda kulipangusa kaburi lake majani ya mibuni. Nikamwambia, "Mama, si useme tu? Ni neno dogo." Alikuwa anakunja vitenge. Akanitazama, akasema, "Nikilisema mimi mwenyewe, Rebeka, litakuwa kweli. Na wewe utakua ukiitwa mtoto wa mvivu aliyeungama." Nilimkasirikia. Nilimwona mkaidi, na nililia mpaka usingizi ukanipitia.

Jumapili ile ya mchungaji kanisa lilijaa hadi madirishani. Habari zilikuwa zimesambaa, na watu wetu hawakosi toba ya mwenzao. Mchungaji alikuwa kijana, mwenye miwani, viatu vyake bado vina tope la pikipiki. Baba mkubwa aliketi pembeni yake kwenye kiti cha wazee. Baada ya mahubiri mama akaitwa. Alitembea kutoka benchi la nyuma, amevaa kitenge kipya cha bluu, na hilo nalo liliwaudhi watu, maana mwenye toba huvaa vilivyochakaa.

"Mama, uko tayari kuungama?" mchungaji akamuuliza.

"Niko tayari, Mchungaji. Ila naomba kwanza nielekezwe neno moja, nisije nikaungama nisichokijua. Hapa tumehubiriwa mvivu aende kwa chungu. Hicho chungu ni nini?"

Mchungaji alimtupia jicho baba mkubwa, kisha akatazama kitabu chake. Naamini alikuwa ameshasikia habari za yale mahubiri. Akakohoa. "Chungu... ni mdudu, mama. Wale wadogo wadogo. Sisimizi."

Kwenye benchi la vijana mtu mmoja akaguna, mwingine akapasuka kicheko, na kicheko kikapita kanisa zima hadi kwa wale waliosimama nje. Shingo ya baba mkubwa ilivimba. Mama mkubwa aliinamisha kichwa, na sikuona vizuri kama alikuwa analia au anacheka. Mama alisubiri kimya kirudi.

"Asante, Mchungaji. Basi naungama." Akaligeukia kanisa. "Nimemdanganya askari wa mpakani. Nilivaa vitenge vingi, kimoja juu ya kingine, nikamwambia nina baridi. Nimemwonea wivu mama mkubwa hapa kwa sababu mume wake yu hai. Na shemeji yangu huyu nimemlaani moyoni kila nikiamka, na leo pia nimemlaani. Hayo ni yangu, naomba Mungu anisamehe. Uvivu siungami. Huyo sisimizi ninamjua. Hana jembe. Anakwenda mbali kunakopatikana chakula, anabeba kinachomzidi, anarudisha kwao. Mimi sifanyi kingine zaidi ya hicho. Kama yeye ndiye mwalimu wa wavivu, mnanitenga kwa lipi?"

Yale ya kukaa kwenye kiti yaliondoka kichwani siku ile ile, nikamwona mama kama alivyokuwa: mwanamke mwembamba aliyesimama peke yake mbele ya watu waliokuwa wakivaa vitenge alivyowaletea yeye. Nikadhani tumeshinda. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akisema kweli na watu wakacheka, basi kesi imekwisha.

Mchungaji alijua mama ana haki. Niliona hilo kwenye macho yake nyuma ya miwani. Lakini alikuwa anakula chakula cha mchana kwa baba mkubwa, kuku alikuwa amekwisha chinjwa, na kanisa lile mwezi mzima lilisimama kwa mgongo wa yule mzee. Akavua miwani akaifuta. "Mama," akasema polepole, "toba ya kweli haichagui. Kuwatii wazee nako ni sehemu ya toba. Rudi ukae, uendelee kujitafakari."

Namchukia baba mkubwa, nimelisema hilo na sirudi nyuma. Lakini yule kijana na miwani yake namchukia kwa namna nyingine, maana baba mkubwa angalau hakuijua kweli. Mama alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei na kuikataa, akarudi benchi la nyuma, akaketi kati ya mlevi na yule msichana, akaimba pambio la mwisho mpaka mwisho. Mlevi alimsogezea nafasi. Hakuna mwingine aliyefanya hata hilo.

Shamba lilikwenda. Hakukuwa na mahakama wala karatasi. Walikuja kesho yake asubuhi wakati mibuni imeiva, matawi yameinama kwa matunda mekundu. Mama alikuwa ameshafunga mizigo yetu, lori la kutupeleka Tunduma lingepita mchana. Alikuwa ameketi kizingitini akinywa chai. Baba mkubwa alitangulia, nyuma yake wanawe, nyuma yao mama mkubwa na vikapu na madebe. Hawakubisha hodi. "Tumekuja kusaidia," akasema, akapita.

Mimi kwa mazoea niliokota kikapu changu kuwafuata. Kuona watu wanachuma nami nimesimama kulinitia hofu ya Mungu.

"Weka chini," mama akasema. "Njoo ukae."

"Nikae?"

"Kaa hapa na mimi."

Nikakaa. Sikuwahi kukaa asubuhi ya kuchuma tangu nijue kutembea, na miguu yangu haikujua ijiweke wapi. Tulitazama. Baba mkubwa alivua koti lake, akatafuta pa kulitundika, akalitundika kwenye msalaba wa kaburi la baba. Akakunja mikono ya shati. Kisha akaingia kwenye mibuni yetu akachuma kwa mikono yake yote miwili, haraka haraka, akivuta matawi, matunda mabichi na mabivu pamoja, akifokea wanawe wasimcheleweshe. Jasho lilimtoka kwenye ile baridi. Hakupumzika. Hakunywa hata maji. Alijaza kikapu, akamwaga, akarudi mbio kuanza kingine.

Mama alimaliza chai yake taratibu, akaweka kikombe chini.

"Unamwona baba yako mkubwa?"

"Namwona, mama."

"Mtazame vizuri," akasema. "Leo uvivu umemtoka."